Mbwa Anayenuka Mbuzi

Mbwa wa kwanza alimla yule yule mtoto wa mbuzi ambaye mbwa huyo aliletwa kumlinda.

Alikuwa mbwa wa kuwindia wa Théo, mjomba wa watoto wa nyumba ile, mweusi, mwenye kovu begani, na Théo mwenyewe alimleta kwa baiskeli akiwa amefungwa miguu kama kuku wa sokoni. Kabla hajamfungua alimtia puani pilipili na tumbaku iliyosagwa, kama wafanyavyo wawindaji wanapotaka mbwa anuse mbali na akasirike upesi. Mbwa alipiga chafya mpaka akajigonga kichwa chini. Macho yakawa mekundu, udenda ukamning'inia. Papa Kalenga, aliyekuwa katibu wa shule za kanisa kwa miaka thelathini na ambaye mpaka leo huvaa shati la mikono mirefu hata akienda chooni, alisimama barazani mikono nyuma.

"Ile njo imbwa," alisema. "Ona macho."

Siku ya tatu asubuhi Agar, mke wa mwana wa Papa Kalenga, alimkuta mbwa nyuma ya kibanda cha mbuzi akiwa amelala juu ya mtoto wa mbuzi, amemfungua tumbo, anatafuna polepole kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote. Hilo Agar aliliona, na moyo ulimuuma, lakini halikumtia kinyaa. Mbwa alifanya alichofundishwa. Kilichomtia kinyaa ni Mama Salomé, mama mkwe wake, kutokea jikoni na kisu na beseni.

"Fasi yenye imbwa haikugusa iko muzuri," alisema, akipindua mguu wa nyuma na kuunusa. "Tutupe nyama kwa nini? Kuya, Agar, shika hapa."

Wakala. Papa Kalenga alishukuru Mungu kwa maneno marefu, na Lise, binti wa mwisho wa nyumba, alinyonya mfupa mpaka ukalia. Agar alikula bukari yake, yaani ugali, na chumvi tu.

"Angalieni uyu," Lise alicheka. "Anafanya kilio. Ile mbuzi ilikuwa ndugu yako?"

Mtoto huyo wa mbuzi alikuwa wa nne kuliwa msimu ule. Watatu wa kwanza walichukuliwa na mbweha, wale wawili wanaotoka kwenye majani marefu ng'ambo ya reli jua linapoanza kuegama. Mbuzi wakubwa hawakuguswa. Walikuwa majike watano, wale wale ambao baba yake Agar aliwaswaga kwa miguu kutoka Kaniama siku ya ndoa, akawasimamisha mbele ya watu wote akasema: "Hizi ni za mutoto yangu. Haziko za lupango." Katika lupango ile, yaani kiwanja chote kilichozungushiwa ukuta wa matofali, chungu kilikuwa cha Mama Salomé, kitanda kilikuwa cha Jessé mumewe aliyekuwa akitafuta kazi Kolwezi, hata kandambili alizovaa Agar zilikuwa za Lise zilizokatika. Mbuzi tu ndio walikuwa wake. Na kundi ambalo watoto wake wanaliwa kila msimu ni kundi linalokwisha. Agar hakusoma zaidi ya shule ya msingi, lakini hilo halihitaji shule. Yule mkubwa kuliko wote, wa kijivu, waliyemwita Nkambo kwa kuwa alikuwa bibi wa wote, alibakiwa na mimba mbili, labda tatu. Baada ya hapo Agar angekuwa mtu wa bure katika nyumba ya watu.

*

Kasanda, mjane aliyefuga mbuzi zaidi ya thelathini upande wa misheni ya Wakatoliki, alikuwa na jike la mbwa lililozaa sita. Agar alitaka kwenda peke yake. Papa Kalenga alikataa.

"Muwanamuke anajua nini ya imbwa? Nitachagua minyi."

Akaenda na viatu vya Jumapili. Walipofika alitafuta jiwe katikati ya mavi ya mbuzi, akapanda juu yake, na hapo juu ya jiwe akabaki muda wote kama sanamu ya ofisi.

Kasanda hakumwonyesha mbwa mmoja mmoja. Aliwabeba wote sita kwenye ungo, akawamwaga ndani ya zizi alimokuwa jike la mbuzi na mtoto wake wa siku mbili.

"Usiangalie imbwa," alimwambia Agar. "Angalia mbuzi."

Wa kwanza alibweka na kumfukuza mbuzi kuzunguka zizi.

"Ile!" alisema Papa Kalenga. "Ile njo yetu. Iko na roho ya kuamrisha."

"Eeh, tata," alisema Kasanda, akamwokota yule mbwa kwa shingo na kumtoa nje.

Wa pili alimng'ata mtoto wa mbuzi sikio. Akatolewa. Wawili walikimbilia pembeni wakalia, na mmoja akajipenyeza chini ya mlango akaenda zake. Akabaki wa mwisho, mwenye rangi ya kitambaa cha kupangusia sufuria. Mama mbuzi alimjia, akamgonga kwa paji la uso. Yule mbwa akaanguka, akageuza tumbo juu, akatazama pembeni. Mbuzi akamgonga tena. Hakunyanyuka. Akabaki vile vile, macho pembeni, mpaka mbuzi alipomnusa tumbo, masikio na chini ya mkia, akachoka naye. Ndipo mbwa akatambaa kwa tumbo mpaka kwa mtoto wa mbuzi, akamlamba nyuma, pale mavi ya kwanza yalipokuwa yamegandia, akayameza.

Papa Kalenga alitema mate.

"Shetani! Inakula mavi!"

"Inakula, tata," alisema Kasanda bila kugeuka. "Yenye haikule mavi ya mbuzi, kesho itakula mbuzi. Weye ulikuwa na ile ya Théo, haiko vile? Habari inafika huku."

Agar alikuwa anamtazama mama mbuzi, ambaye alikuwa amegeuka na kuanza kula majani, akiwa amempa mbwa mgongo. Mbuzi hampi mgongo kitu anachokiogopa.

"Minyi nakamata ile."

"Mu lupango yangu?" Papa Kalenga alikaribia kuteleza jiweni. "Bantu watasema nini? Kalenga analisha imbwa mavi?"

"Haitaingia mu nyumba, tata. Italala mu kibanda na mbuzi."

"Na isiingie kweli! Ikiingia, minyi siko."

Kasanda hakutaka malipo. Alimshika Agar mkono, akamvuta pembeni, akamwambia yale aliyoyaona mwenyewe kwa miaka yake na mbuzi. Mbwa alale nao, anyonye jike kama litakubali, ale pale pale. "Usiiite ku mulango ya jikoni. Usiibebe-bebe kama mutoto. Na usiioshe, unasikia? Mbuzi haijui sura. Iko inajua harufu tu. Siku utaiosha, itakuwa mugeni kwabo." Kisha akauliza: "Utaiita nani?"

Huku kwetu mbwa hupewa jina ambalo majirani walisikie likiitwa. Agar alifikiri kidogo.

"Acha-Baseme."

Kasanda alicheka mpaka akashika mti wa zizi.

*

Mwaka ukazunguka. Acha-Baseme akawa mbwa mkubwa, mzito wa shingo, mchafu kuliko kitu chochote kilichowahi kuonekana katika mtaa ule wa makarani na walimu. Manyoya yake yalishikana vifundo vya kinyesi na majani. Alinuka beberu. Hakubweka ovyo na hakumfuata mtu. Mbuzi wakitoka, anatoka. Wakilala, analala katikati yao, na watoto wa mbuzi wanampanda mgongoni kama kichuguu.

Agar aliwaona mbweha mara moja tu tangu mbwa awe mkubwa. Walitokea jioni, wawili, wakasimama ukingoni mwa majani. Mbwa hakuwakimbilia. Alitembea mpaka katikati, baina yao na mbuzi, akasimama. Kisha akakojoa kwenye kichaka, taratibu, akahamia kingine, akakojoa tena. Mbweha walitazama, wakageuka. Msimu ule walizaliwa watoto wanne na hakuliwa hata mmoja, na wawili walikuwa majike. Agar alikaa kwenye reli akacheka peke yake.

Lakini harufu ya mbwa ikawa harufu ya Agar. Kwanza Lise alianza kupitia mlango mwingine. Halafu sahani ya Agar ikatengwa, ile ya bati yenye tundu dogo, na kikombe kikatengwa. Jumapili kanisani Mama Salomé akamwambia mbele ya wanawake wa kwaya: "Weye ukae nyuma, karibu na dirisha. Benyewe bako na pua." Wanawake wakacheka kwa adabu, mikono midomoni. Agar akakaa karibu na dirisha.

Mwisho hata Kolwezi ikapata habari. Jessé akapiga simu.

"Mama anasema unanuka."

"Na weye unasema nini?"

"Réseau iko mubaya, sauti inakatika," alisema Jessé, akakata.

Agar aliitazama simu. Alitaka kuchukia na hakuweza. Alijisikia tu kama mtu aliyekunywa maji akakuta nzi mdomoni.

*

Ndipo Lise akapata mchumba. Aliitwa Jérémy, kijana wa ofisi, na wazazi wake, Papa Esdras Mwila na mkewe, wakatuma neno kwamba Jumamosi saa sita watakuja kufungua mlango, yaani kuonana na wazee wa binti kwa mara ya kwanza. Nyumba ikapakwa chokaa. Viti vya sebuleni vikavishwa vitambaa vyeupe vya kufuma. Papa Kalenga alizunguka lupango yote akitafuta cha kuonyesha, na macho yake yakaangukia kibanda cha mbuzi.

Asubuhi ya Jumamosi Agar alirudi kutoka kisimani akakuta Acha-Baseme yumo ndani ya beseni la kufulia, katikati ya uwanja.

Mama Salomé alikuwa akimsugua kwa brashi ya viatu. Povu lilikuwa jeusi. Lise alikata vifundo vya manyoya kwa mkasi, uso ameugeuzia kando, na mjomba Théo alimshikilia mbwa shingo kwa mikono miwili ingawa hakukuwa na haja. Mbwa hakuwa anapigana. Alikuwa amelaza masikio na kutazama pembeni, vile vile alivyofanya siku ile mbele ya mama mbuzi wa Kasanda.

Agar aliweka ndoo chini.

"Mama, munafanya nini?"

"Tunaisafisha. Papa anataka ikae ku mulango. Ona, kumbe iko na rangi! Inafanana ya race, ya Bazungu."

"Mbuzi zitatoka na nani?"

"Zitatoka zenyewe. Hazina miguu?"

"Nkambo iko karibu kuzaa, mama. Leo ao kesho. Matiti imejaa."

"Na Lise iko karibu kuolewa!" Mama Salomé alitupa brashi. "Weye uko muntu wa namna gani? Wifi yako anaolewa, weye unaongea matiti ya mbuzi?"

Lise akammwagia mbwa manukato, kichwani, mgongoni, mpaka chupa ikakoroma. Acha-Baseme alipiga chafya kama yule wa kwanza.

"Basi mbuzi zibaki mu kibanda," alisema Agar. "Nitafunga mulango."

Papa Kalenga alikuwa amekwisha kutokea barazani, tai shingoni. "Zibaki hapa zinuke wakati ya chakula? Hapana. Zipeleke ng'ambo ya reli. Na zifungwe, zisirudi kunipitia mbele ya bageni."

Agar aliwapeleka. Wadogo na majike wanne aliwafunga kwa vifundo vyepesi, vya kufunguka mbuzi akivuta kwa nguvu. Alipofika kwa Nkambo, mkono mwingine ulichukua kamba. Papa Kalenga alikuwa amemfuata, leso puani.

"Hii naijua, inafunguka kila siku," alisema. Akamfunga mwenyewe, fupi, kwenye nguzo ya chuma kando ya reli, akakaza fundo mara tatu, kisha akajifuta vidole kimoja kimoja.

*

Wageni walikuja watatu: Papa Esdras, mtu mnene mwenye sauti ya chini, mkewe, aliyevaa kitenge kipya kilichokuwa bado na mikunjo ya dukani, na Jérémy, aliyekuwa akitazama viatu vyake. Mlangoni walisimama.

"Eh! Na hii?"

Acha-Baseme alikuwa amefungwa mnyororo wenye kufuli kwenye nguzo ya baraza. Shingoni walimfunga tai ya zamani ya Papa Kalenga, ya mistari. Manyoya yalikuwa meupe-meupe, yamefura kama pamba.

"Ya race," alisema Papa Kalenga. "Ya Bazungu. Njo inachunga mbuzi zangu yote."

"Uko na mbuzi?"

"Tuko nazo kidogo tu. Kama kumi hivi."

Agar alikuwa amesimama hatua mbili nyuma na sahani ya samaki wa Kinkondja mikononi. Alisikia neno *zangu*, akasikia lilivyotoka kwa urahisi, kama mate. Akaingia, akaweka sahani. Mke wa Papa Esdras aliinua pua.

"Kuko kitu hapa…"

"Ni ya nje, mama," alisema Lise haraka, akafunga dirisha. Kisha akamkonyeza Agar aondoke.

Walikula. Waliongea juu ya kwaya, juu ya mshahara unaochelewa, juu ya watoto wa siku hizi. Agar alikuwa akiingia na kutoka, sombe ya majani ya muhogo, kuku, bukari, na kila alipotoka alitazama jua. Lilikuwa limeanza kuegama. Alipotoka na masufuria matupu alimwona mbwa amesimama. Alikuwa ameelekea reli. Mnyororo ulikuwa umenyooka kama waya na tai imemkaba, na alitoa sauti ambayo Agar hakuwahi kuisikia kwake, nyembamba, kama mlango unaokosa mafuta.

Halafu na yeye akasikia. Mbali, nyuma ya mahindi. Nkambo.

Akaingia sebuleni, akapiga goti pembeni ya kiti cha baba mkwe.

"Tata, naomba niende kuangalia mbuzi. Naisikia inalia."

Papa Kalenga alitabasamu kwa wageni. "Mayi ya mikono kwanza, mwana wangu."

Basi akachukua birika na bakuli na kitambaa. Alianza na Papa Esdras. Papa Esdras aliosha mkono wa kulia, akaugeuza, akaosha viganja, akaomba sabuni, akachokonoa kucha moja baada ya nyingine kwa kucha ya kidole gumba, akihadithia mbuzi aliowahi kula Bukama. Nje Nkambo alilia tena. Mke wa Papa Esdras alitoa pete, akaosha chini ya pete, akairudisha. Jérémy aliosha vidole vitatu tu. Agar karibu amshukuru. Mama Salomé. Lise. Mjomba Théo, ambaye alisikia naye, kwa kuwa ni mwindaji, na macho yake yakakutana na ya Agar, akayashusha kwenye bakuli. Papa Kalenga wa mwisho, mpaka kwenye viwiko.

Agar alimwaga mpaka tone la mwisho. Baadaye ndicho kitu alichokichukia kuliko vyote: si mikono yao, bali huo wake ulioendelea kushika birika.

*

Mbweha hawakukimbia alipofika. Mmoja alikuwa amekaa, anajilamba. Wa pili alikuwa bado nyuma ya Nkambo.

Mtoto alikuwa ameanza kutoka kichwa mbele. Walimla pale pale alipotokea, nusu nje nusu ndani, na walipommaliza waliendelea na mama. Nkambo hakuweza kulala wala kugeuka. Kamba ilikuwa fupi mno. Alikuwa amesimama, miguu imepanuka, na alikuwa akiyalamba majani mbele yake kana kwamba mtoto wake yuko hapo. Wengine walikuwa wamefungua vifundo vyao na kujikusanya mbali juu ya kokoto, wanatetemeka.

Agar aliokota mawe ya reli, akatupa, akatupa, mpaka majani yakafunga nyuma ya mbweha. Kisha akapiga magoti nyuma ya Nkambo, akaingiza mkono. Kulikuwa na joto, na mfupa uliovunjika, na nyuma ya hayo yote kitu kilichopiga teke. Akakishika miguu, akavuta. Akatoka wa pili, mzima, jike, wa kijivu. Agar alimfuta puani kwa vidole, akampulizia, akamfunga kwenye kitenge chake kifuani pamoja na utelezi wake wote.

Nyuma yake kokoto zililia. Walikuwa wamekuja wote, hata wageni, leso puani.

"Ee Mungu," alisema Mama Salomé. "Na nyumba imejaa bantu!"

Papa Kalenga alizunguka mbuzi kwa mbali. Aliiona kamba. Agar aliona kwamba ameiona. Aliitazama kidogo, fundo lake mwenyewe mara tatu, kisha akamgeukia mgeni wake.

"Hii haitapona. Tuichinje kabla haijakufa. Mukwe wangu, Mungu amekuletea mbuzi. Huwezi kurudi mikono bule."

Papa Esdras aliinama akatazama upande wa mbele, ule uliokuwa mzima, kama mtu anayechagua kitambaa.

"Kama maini iko muzuri," alisema, "minyi naipenda bila chumvi mingi."

Théo akatoa kisu.

"Haiko ya weye," alisema Agar.

Alikuwa bado amepiga magoti. Hakupaza sauti.

"Unasema nini?"

"Haiko ya weye, tata. Baba yangu alisema mbele ya bote. Haziko za lupango."

Mke wa Papa Esdras alimtazama mumewe. Lise akaanza kulia. Papa Kalenga alimsogelea Agar mkono umeinuka, lakini alipofika hatua moja akasimama. Agar alikuwa amepakaa damu mpaka mabegani, na kondo la nyuma limemning'inia kwenye kiwiko, na kifuani mwake kitu kilikuwa kinapiga chafya.

"Muwanamuke wa mavi," alisema, mkono ukashuka. "Théo, chinja."

Théo alisita, halafu akachinja. Kwa haki lazima isemwe kwamba alichinja vizuri, kwa mkono mmoja, haraka, na Nkambo alikuwa amechoka kuliko kuogopa.

*

Agar hakulia. Alitembea mpaka nyumbani, akapita mbele ya mbwa aliyekuwa akikohoa kwa ile tai, akaingia sebuleni kwa miguu yake ilivyo, na akakaa kwenye kiti cha Papa Kalenga, juu ya kitambaa cheupe. Akaweka mikono yote miwili kwenye mikono ya kiti. Akangoja.

Mama Salomé ndiye wa kwanza kufika. Alipiga kelele kama mtu aliyemwona nyoka.

"Kiti! Agar! Kiti!"

"Funguo ya imbwa," alisema Agar.

"Toka pale! Papa! Papa, kuya uone!"

Wote wakajaa mlangoni, na hakuna aliyeingia. Uvundo ulikuwa umejaa chumba, damu, beberu, maji ya uzazi, na dirisha lilikuwa limefungwa na Lise mwenyewe. Mke wa Papa Esdras alitoka nje kutapika kwenye maua. Mtoto wa mbuzi alitoa kichwa kwenye kitenge, akalia mara ya kwanza, akakojoa. Mkojo ukashuka polepole kwenye kitambaa cha kufuma.

"Ile nyama yenu inawangoja," alisema Agar. "Minyi nataka funguo tu."

Papa Kalenga aliitoa mfukoni, akaishika kwa vidole viwili, akairusha mezani kati ya sahani.

Acha-Baseme alipofunguliwa hakukimbilia reli. Alikwenda kwa mbuzi waliokuwa wamerudi wenyewe na kusimama ukutani, na mbuzi wakamkimbia. Watoto waliolala mgongoni mwake jana yake waliruka juu ya kila mmoja wapate kumkwepa. Mbwa akalala chini, akageuza tumbo, akatazama pembeni. Alinuka sherehe.

Agar akamvua tai. Akachukua kondo lililobaki kiwikoni na mavi ya kibandani, akampaka: kichwani, mgongoni, chini ya masikio, kila mahali manukato yalipopita. Alifanya kazi ile bila haraka, kama mtu anayemwogesha mtoto. Mbuzi mmoja alisogea, akanusa. Halafu wa pili. Jike lenye maziwa lilipomaliza kumnusa, likampa mgongo. Agar akambandika yatima kwenye titi la jike hilo, na jike likamnusa yule mtoto, likamnusa Agar, likaacha anyonye.

Moshi wa maini ulikuwa unapita juu ya uwanja. Wageni walikuwa wanakula upande wa pili wa nyumba, kwa kuwa sebule ilikuwa imefungwa. Wanakula, Agar aliwasikia. Walikuwa wanasifu.

Aliwafunga mbuzi kamba moja, akamrudisha mtoto kifuani, akaelekea lango kubwa. Kutoka pale kwa Kasanda si mbali, na kutoka kwa Kasanda kuna njia ya Kaniama, kwa baba yake, ambayo wale majike wakubwa waliijua. Ilimbidi apite katikati ya wanaokula. Akawaaga kama inavyopasa mke wa nyumba, akipiga goti, akimnyooshea Papa Esdras mkono.

Papa Esdras aliutazama mkono ule. Akaweka ini chini. Hakuushika. Hakuna aliyeushika.

"Unaenda wapi na mbuzi ya lupango?" Papa Kalenga alisimama, akamwahi langoni, akanyoosha mkono kuishika kamba.

Kamba ilikuwa imelowa. Kitu fulani kilikuwa kinadondoka kutoka kwenye fundo, polepole, kwenye ncha ya kiatu chake cha Jumapili. Nyuma ya mbuzi wa mwisho mbwa alisimama, katikati, bila kubweka.

Papa Kalenga aliitazama kamba. Kisha akarudisha mikono nyuma, kama alivyozoea kusimama barazani, na Agar akapita.